Barabara ya mtaa Kamembe: laterite, mawe, pave au lami?

Mkutano wa mudugudu, yaani wa kijiji au mtaa, unaozungumzia kutengeneza barabara ya mtaa huanza kwa furaha na kuishia kwa hesabu. Siku ya kwanza fundi anataja kiasi cha kila nyumba, watu wanapiga makofi. Miezi michache baadaye kiasi kimeongezeka karibu mara mbili, na wale wale waliopiga makofi wanaulizana nani kala. Mara nyingi hakuna aliyekula. Kilichotokea ni kwamba bei ya mwanzo haikuwa bei.

Fanya hesabu ya mfano. Mtaa una nyumba 40, na kila nyumba imeambiwa itoe faranga 100,000. Nyumba 8 zikijitoa kwa sababu yoyote ile, mwenyewe yuko Kigali, mjane hana, jirani mmoja hana gari na anauliza barabara ni ya nini, basi nyumba 32 zinabeba mzigo wa nyumba 40: 125,000. Halafu inagundulika kwamba fundi alipiga hesabu bila kodi ya ongezeko la thamani, ambayo Rwanda ni asilimia 18: 147,500. Halafu mhandisi anakuja kuangalia na kusema hapa bila mitaro hamjengi kitu, na mitaro inaongeza tuseme moja ya tano ya kazi: 177,000. Saruji haijapanda hata faranga moja, mafuta yako pale pale, na mchango umekaribia kuwa maradufu.

Kwa hiyo anayelinganisha laterite, mawe, pave na lami kwa kuuliza tu "mita moja ya mraba bei gani?" analinganisha majina. Swali la kwanza ni bei hiyo ina nini ndani yake. Hapa Rusizi, wilaya ambayo Kamembe ndio mji wake, swali hilo lina uzito wa pekee, kwa sababu ya milima yake, mvua yake, na umbali wake kutoka bandari.

Tuanze na nani hulipa. Rusizi ni mmoja wa miji sita ambayo serikali iliichagua iwe miji ya pili baada ya Kigali, pamoja na Huye, Muhanga, Musanze, Nyagatare na Rubavu. Kupitia mradi wa maendeleo ya miji uliofadhiliwa na Benki ya Dunia tangu 2016, miji hiyo ilipata barabara za lami na mitaro, na awamu ya pili ikafuata. Barabara za namna hiyo mkazi hachangishwi mlangoni kwake. Tatizo ni njia za ndani, zile zinazotoka kwenye lami kubwa na kupanda katikati ya nyumba mpaka kwenye geti la mwisho. Hizo hazimo kwenye mradi, na bajeti ya wilaya ina shule, zahanati na madaraja ya kutazama kwanza.

Kigali ilikuja na njia yake: katika barabara za mitaa wakazi wakiungana wanachangia asilimia 30, na Jiji linatoa 70. Ukiuliza watu wa mitaa ya Kamembe wengi wanautaka mpango huo, na ni haki yao kuutaka. Ila asilimia 30 ni ya nini? Ikiwa ni ya makadirio ya kwanza, mkazi yuko salama. Ikiwa ni ya gharama ya mwisho, kila kinachoongezeka njiani kinamrudia. Sentensi hiyo moja inafaa kuandikwa kabla ya mtu kutoa hata faranga elfu.

Wako wanaosema: sisi tayari tunalipa barabara kwenye pampu. Ni kweli. Mfuko wa matengenezo ya barabara unalishwa na tozo ya mafuta, ambayo kwa miaka ilikuwa faranga 115 kwa lita, na katika marekebisho ya kodi ya 2025 serikali ikaamua iwe asilimia 15 ya thamani ya mafuta yanapoingia nchini. Mwenye pikipiki ya taksi anayeshinda juu chini kati ya Kamembe na mpakani analipa kila anapojaza tangi. Lakini mfuko huo ni wa kutunza barabara zilizopo, na unaanza na zile kubwa. Malalamiko yana msingi. Pesa hazitakuja mtaani kwa sababu hiyo.

Sasa ardhi yenyewe. Kamembe imekaa mgongoni mwa mlima, na mji wa zamani wa Cyangugu uko chini kabisa, ziwa Kivu linapogeuka kuwa mto Rusizi na daraja linapovuka kwenda Bukavu. Mitaa mingi iko kwenye mteremko. Udongo wake ni mwekundu, mfinyanzi uliotokana na mawe ya kale ya volkano, basalti, ambao ukikauka ni mgumu kama tofali na ukilowa unateleza. Mvua huja misimu miwili, Machi hadi Mei na Septemba hadi Desemba, na haiji kwa upole. Ukisimama kwenye kona ya njia ya changarawe dakika kumi baada ya mvua kubwa utaona kazi ya maji: katikati ya njia kuna mfereji mwembamba ambao asubuhi haukuwepo, kokoto zimekusanyika chini kwenye geti la nyumba ya mwisho, na dereva wa pikipiki amemshusha abiria atembee kwa miguu, yeye akisukuma pikipiki huku miguu yote miwili ikiburuta chini.

Tuchukue barabara moja ya kulinganishia: urefu mita 400, upana mita 5. Hiyo ni mita za mraba 2,000. Bei nitaziacha kwa makusudi, kwa kuwa zinabadilika kabla wino haujakauka. Vipimo havibadiliki, na mwenye vipimo anaweza kumuuliza muuzaji yeyote bei ya leo na kupiga hesabu mwenyewe.

Laterite ndiyo rahisi kuliko zote siku ya kwanza. Tabaka la sentimita 15 lililoshindiliwa linataka mita za ujazo 300, na kwa kuwa udongo wa kwenye lori ni mwepesi kuliko ulioshindiliwa, utahitaji karibu 400, yaani safari 40 za lori la mita kumi. Kijiko siku chache, mashine ya kushindilia, maji, basi. Kazi nyingine inaweza kufanywa kwenye umuganda, Jumamosi ya mwisho ya mwezi, watu wakija na majembe yao.

Shida ya laterite ni kwamba huimalizi kununua. Wahandisi hukadiria kwamba barabara ya changarawe yenye magari hupoteza sentimita mbili hadi tatu kwa mwaka, vumbi kiangazi na matope masika. Kwenye mteremko mkali wenye mvua nyingi hupoteza zaidi, na miongozo mingi ya barabara vijijini inashauri changarawe isitumike kabisa mwinuko unapozidi mita sita kwa kila mia. Kwa barabara yetu, sentimita mbili na nusu ni mita za ujazo 50 kila mwaka. Ndani ya miaka sita tabaka lote limeondoka, liko kwenye mitaro, kwenye nyua za watu na ziwani. Mtaa uliosema "tuweke laterite kwanza, lami baadaye" umenunua barabara mbili kabla ya kupata moja. Mahali pa laterite ni njia iliyo tambarare, yenye magari machache, na yenye watu wanaosafisha mitaro kweli. Mitaa ya namna hiyo Bugarama utaipata, kule bondeni. Kamembe ni michache.

Mawe ni chaguo ambalo watu hulidharau kwa sababu lina sura ya kizamani. Bujumbura, mwendo wa saa chache kutoka Bugarama ukiteremka na uwanda wa Rusizi, mitaa mingi ilitandikwa mawe kupitia miradi ya kutumia nguvu kazi ya watu wengi iliyofadhiliwa na Benki ya Dunia. Kigali nayo ina njia za mawe kwenye mitaa yake kadhaa. Ethiopia ilianza Dire Dawa katikati ya miaka ya 2000 kwa msaada wa Wajerumani, kisha kazi ikaenea miji mingine na kuajiri vijana wengi sana. Jiwe linachongwa kwa mkono, linapangwa juu ya mchanga, linagongwa, na kinachobaki ni mchanga wa kujaza nafasi.

Faida yake kubwa ni njia ya pesa. Kwenye lami sehemu nono ya malipo huenda kwenye mashine, mafuta na bidhaa ya nje. Kwenye mawe sehemu nono huenda kwa mchongaji, mbebaji na mpangaji, na hao wanaweza kuwa watoto wa mtaa huo huo. Basalti iko hapa hapa. Hasara zake ni tatu. Kazi ni ya polepole, na ikipita kiangazi ikakutwa na mvua ya Septemba tabaka la chini linalowa na kutitia. Ya pili ni kelele na mtikisiko: mzee mwenye mgongo, mjamzito juu ya pikipiki, mama anayesukuma toroli la nyanya hawatakushukuru. Ya tatu, mawe yaliyosuguliwa na matairi kwa miaka huteleza kwenye mteremko. Kwangu mawe yanafaa njia fupi za kuingilia, zile ambazo gari halipiti kwa mwendo.

Pave, zile tofali za zege ambazo Wakenya wanaziita kabro, ndizo zinazostahili kuangaliwa kwa makini Rusizi kuliko mahali pengine, na sababu ni kiwanda. CIMERWA iko Bugarama, ndani ya wilaya hii hii, tangu miaka ya 1980. Mtambo mpya uliozinduliwa 2015 ulijengwa kuzalisha tani 600,000 za saruji kwa mwaka. Hisa zilizokuwa za PPC ya Afrika Kusini zikaja kununuliwa na National Cement ya Kenya. Saruji ya kutengeneza pave inatoka bondeni, mchanga na kokoto vinapatikana jirani, na anayefyatua anaweza kukaa hapa hapa mjini. Hakuna bandari katikati.

Vipimo vyake ni hivi. Pave ya sentimita 20 kwa 10 huingia 50 katika mita moja ya mraba. Barabara yetu inataka 100,000. Unene uwe sentimita 8. Ya sentimita 6 ni ya njia ya miguu na uani. Ikipitiwa na lori la maji au la mchanga inatikisika, inapasuka kona, na punguzo la bei ulilofurahia linaliwa na ukarabati. Kwa unene wa 8, zege lote ni mita za ujazo 160. Kwa kilo 350 za saruji katika kila mita ya ujazo, hiyo ni tani 56, yaani mifuko 1,120. Uzito wa pave zote unakaribia tani 370, kwa lori la tani 15 ni safari 25. Mtu akikuletea makadirio yenye mifuko 600 ya saruji kwa kazi hii, usifurahi kwamba ni nafuu. Muulize pave zitashikamana na nini.

Hapa ndipo mtaa hudanganywa kwa urahisi, kwa hiyo nikae kidogo. Pave mbaya na pave nzuri zinafanana siku ya kushushwa. Chukua mbili uzigonganishe: nzuri inalia kwa sauti kali, mbaya inatoa sauti ya udongo. Vunja moja uangalie ndani. Kokoto ziwe zimeshikana, pasiwe na matundu ya hewa, na pasiwe na unga unaobaki kidoleni. Uliza imefyatuliwa lini. Zege hufikia nguvu yake inayopimwa baada ya siku 28, na wiki ya kwanza lazima linyweshewe maji na kufunikwa; fundi mwenye haraka hukuletea za siku kumi, zimekauka na jua, rangi nzuri. Kisha peleka chache maabara. Gharama ya kupima pave sita haifikii hata sehemu ndogo ya gharama ya kung'oa mita 400.

Kwenye mteremko pave zinataka kitu ambacho makadirio mengi ya haraka hukiacha: mkanda wa zege pembeni pande zote mbili, na mikanda inayokata barabara kwa upana kila baada ya mita kadhaa. Bila mikanda hiyo, kila gari linalofunga breki linasukuma safu chini kidogo kidogo, na baada ya misimu miwili utaona nafasi juu na matuta chini. Ukiona karatasi ya makadirio haina neno la mkanda wa pembeni, rudisha karatasi.

Faida ya mwisho ya pave ni ya siku mbaya. Bomba la maji likipasuka, mafundi wa WASAC, shirika la maji, wanang'oa pave, wanatengeneza, wanarudisha. Lami ikikatwa inabaki na kiraka, na kiraka kinakuwa shimo.

Lami sasa, au kaburimbo kama wanavyosema watu wengi hapa. Kuna lami za aina mbili, na tofauti zake za bei ni kubwa kuliko tofauti ya lami na pave. Ya kwanza ni ile ya kumwaga lami ya maji na kutandaza kokoto juu, mara mbili. Kwa barabara yetu inakula kati ya lita 5,000 na 6,000 za lami. Ni nyembamba, haiongezi nguvu. Yote inategemea tabaka za chini. Zikiwa dhaifu, inabambuka. Zikiwa imara na mitaro inafanya kazi, inadumu miaka mingi kwa gharama ndogo.

Ya pili ni lami ya moto, ile nyeusi laini ambayo kila mtu huiwazia neno lami likitajwa. Kwa unene wa sentimita 4 barabara yetu inataka tani 190 hivi za mchanganyiko, zenye tani kama 10 za lami yenyewe. Tani kumi tu! Ila hizo tani kumi zimeingia Dar es Salaam au Mombasa, zikapanda zaidi ya kilomita elfu moja na mia nne mpaka Kigali, kisha nyingine zaidi ya mia mbili kupitia Huye na msitu wa Nyungwe. Na mchanganyiko wake lazima ufike ukiwa wa moto, hivyo mtambo hauwezi kuwa mbali. Hapo ndipo siri ya bei yake ilipo: kama kuna mkandarasi anayejenga barabara kubwa ya jirani na mtambo wake umewaka, bei ya mtaa wenu inaweza kuwa ya kuvumilika. Kama mtambo na mashine vinaletwa kwa ajili ya mita 400 zenu peke yenu, mnalipia safari ya mashine kuliko barabara.

Ndiyo maana nasema mitaa mitatu ikiunganisha kazi inapata bei ambayo mtaa mmoja hautaipata hata ukibembeleza. Gharama ya kuleta mashine, mhandisi na kambi ni ile ile kwa mita 400 na kwa mita 1,500. Viongozi wa midugudu jirani wanaweza kukaa pamoja kwa hili, kila mmoja na watu wa isibo zake, yale makundi madogo ya kaya.

Zege la kumwaga, tabaka zima, nalitaja kwa kifupi kwa kuwa linafaa mahali pamoja tu: kipande kile kikali ambacho hata laterite mpya haimalizi msimu mmoja. Mita 40 au 50 za zege lenye mistari ya kuzuia kuteleza, kwenye mteremko wenyewe, na pave au laterite sehemu zilizobaki. Watu hupenda barabara iwe ya aina moja mwanzo hadi mwisho, kwa sababu inapendeza kwenye picha. Pesa za mtaa hazilazimiki kupendeza.

Kwa hiyo nichague nini? Kwa mtaa wa mteremko Kamembe au sekta jirani ya Gihundwe, pave za sentimita 8 na mitaro ya mawe pande zote mbili, na zege kwenye kipande kikali. Kwa njia ndefu na tambarare inayounganisha barabara mbili kubwa na kupitiwa na magari mengi, lami, lakini tu wilaya ikiwa ndani na mashine zikiwa jirani. Na mtaa ambao haujaweza kuchangisha hata nusu usianze na uso wa barabara hata kidogo. Ujenge mitaro kwanza. Laterite yenye mitaro mizuri inaishi; pave zisizo na mitaro zinaoshwa mchanga wa chini na kuzama. Mitaro ikijengwa leo itatumika na uso wowote utakaokuja kesho, haipotei.

Kuhusu bei kupanda kweli, yaani si ile ya hesabu mbovu, sababu zake zinajulikana. Dola ilikuwa kama faranga 1,000 mwishoni mwa 2021, na mwishoni mwa 2024 ilikuwa karibu 1,400. Kila kinachonunuliwa nje, lami ikiwemo, kimebeba tofauti hiyo. Petroli iliwahi kufika faranga 1,609 kwa lita Agosti 2022, kwa bei iliyotangazwa na RURA, mamlaka inayopanga bei ya mafuta, na dizeli ilikuwa sambamba nayo. Kijiko, lori na mashine ya kushindilia vyote vinakunywa dizeli. Saruji nayo, ingawa kiwanda kiko nyuma ya mlima, soko lake haliishii mpakani. Bukavu inajenga, na mfuko unaotoka Bugarama una wateja ng'ambo ya mto. Ukaribu wa kiwanda unawapunguzia usafiri; bei ya kiwandani inapangwa na soko zima. Somo la mnunuzi ni kwamba pave ina uzito wa faranga, lami ina uzito wa dola. Anayechangisha kwa miezi kumi na minane kabla ya kuanza kazi ajiulize ni kipi kati ya hivyo anaweza kukitabiri.

Njia moja ya kujikinga ni kununua vitu kabla ya kazi. Pave zikifyatuliwa mapema na kulipiwa, bei yake imefungwa, na zinazidi kukomaa zikiwa zimekaa. Lami haiwekwi uani.

Nimeacha kugawana mchango mwisho, ingawa ndiko kunakovunja majirani. Kugawa kwa nyumba ni rahisi na si haki: mwenye kiwanja cha mita 12 barabarani analipa sawa na mwenye mita 40. Kugawa kwa mita za mbele kunamwonea wa kona, ambaye ana barabara pande mbili na lango moja. Mitaa inayofaulu huchanganya, nusu kwa nyumba na nusu kwa mita, na kona ihesabiwe upande mmoja tu. Walio njia za nyuma, wanaopita hapo kila siku ingawa hawagusi barabara, watoe kidogo. Wakiachwa kabisa, wa mbele watanuna, na wana haki ya kununa.

Wapangaji wasichangishwe. Naona mitaa mingi inawaandika kwenye orodha kwa sababu wao ndio wapo, wenye nyumba hawapokei simu. Mpangaji anayechangia anaongeza thamani ya nyumba ya mwingine, kisha mwaka unaofuata anaongezewa kodi kwa sababu barabara imekuwa nzuri. Analipa mara mbili kitu ambacho si chake. Mwenye nyumba aliye mbali atafutwe, na makubaliano ya mchango yawe na saini yake.

Asiye na pesa kwa mkupuo apewe miezi. Umurenge SACCO zilianzishwa katika kila sekta, na vikundi vya kuweka akiba, ikimina, viko kila kona. Akikopa, aulize riba kwa mwaka, maana asilimia 2 kwa mwezi inasikika ndogo na ni 24 kwa mwaka. Wengine walipe kwa kazi: kuchimba mitaro kuna thamani na inapimika kwa mita. Kupanga pave si kazi ya kujitolea, mwachieni fundi.

Ua au ukuta ukilazimika kusogea, jueni kwamba sheria ya 2015 ya kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma inataka fidia ya haki kabla ya mtu kuondolewa. Mtaa unaojichangia mara nyingi hutegemea hiari ya mwenye ua. Iwe hiari kweli, iandikwe, na gharama ya kujenga upya ukuta iingie kwenye makadirio badala ya kugundulika siku kijiko kinanguruma getini. Nguzo za umeme na mabomba vivyo hivyo. Barua kwa mashirika husika iende miezi kabla.

Mkataba uwe na vipimo, siyo "barabara nzima". Kwa kila kipengele kiandikwe mita ngapi, unene gani, bei gani kwa mita, na VAT imo au haimo. Mstari wowote ulioandikwa "kazi nyinginezo" ufafanuliwe au ufutwe. Sehemu ya malipo, tuseme asilimia 5 hadi 10, ibaki mikononi mwa mtaa mpaka mwaka upite na misimu yote miwili ya mvua iwe imepita juu ya barabara. Mkandarasi atakayekataa hilo amewaambia jambo muhimu bila kulitamka.

Kazi ianze Juni, pave ziwe zimefyatuliwa kuanzia Aprili, ili tabaka la chini lishindiliwe Julai likiwa kavu na mchanga wa mwisho ufagiliwe kabla ya Septemba. Na mkiagiza pave 100,000, agizeni 102,000. Hizo 2,000 za ziada ziwekwe nyuma ya ofisi ya mudugudu, zihesabiwe na kuandikwa kwenye daftari, kwa sababu siku WASAC watakapochimba kuna zitakazovunjika, na mfyatuaji wakati huo atakuwa amebadilisha kalibu.